Pini Arobaini

Ramani imetandazwa juu ya meza ya mikutano,
pembe zake zimekandamizwa kwa vikombe vya kahawa,
nami nina pini arobaini kisahanini.
Arobaini tu. Ndivyo ilivyosema bajeti ya jiji la Coimbra.

Kwanza stesheni ya treni, hiyo haina mjadala.
Kisha daraja, soko, mahakama,
na ukingo wa Mondego pale mto unapojifanya ziwa.
Lakini chuo kikuu kiko juu, juu kabisa,
na hapo Hermínio, mtu wetu wa hesabu, anavua miwani:
"Watateremka nazo kama maji ya mfereji.
Ikifika saa nne asubuhi, kule juu hakuna hata moja.
Nani atazipandisha?"

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka.
Juu ya mshuka kilima hawakusema kitu.

Tunaandika: lori moja, dereva mmoja, zamu ya usiku.
Tunaandika minyororo, kufuli, viraka vya tairi,
na baiskeli ambazo walevi watazitupa mtoni
(Hermínio amekisia sita kwa mwaka, mimi kumi;
tumewekeana dau la chakula cha mchana).

Inabaki pini moja.

Jana niliamka saa tisa za usiku,
nikaenda kusimama nyuma ya hospitali, mlango wa dobi,
daftari mkononi kama karani wa sensa.
Walitoka wanawake kumi na tisa.
Basi la kwanza bado, kwa saa moja na nusu.
Wakaanza kutembea,
kila mmoja na mvuke wake mdomoni,
bila kuutazama ubao wa ratiba,
kama mtu asivyoutazama mlango wa nyumba aliyohama.

Nikamfuata mmoja, Deolinda, vidole vimekunjamana kwa sabuni.
Kukiwekwa baiskeli hapa, utapanda?
Alicheka mpaka akashika ukuta.
"Mwanangu, mimi baiskeli siijui.
Siku baba alipofundisha, alimfundisha kaka yangu."
Akaenda hatua tano, sita. Akageuka.
"Za magurudumu matatu mnazo?"

Hermínio anasema takwimu haziuoni mlango ule.
Takwimu hutoka kwenye simu,
na simu za dobi hufungiwa kabatini zamu nzima.
Kwa hesabu zetu, basi, wale kumi na tisa
usiku kucha walikuwa wamelala.

Naichomeka pini mpaka naisikia inauma mbao.
Mwenyekiti anainua uso: kituo hicho ni cha nani?
Nasema, cha hospitali,
maana jibu fupi hupita haraka kwenye kikao,
kisha pembeni ya karatasi naongeza kwa penseli,
hafifu, ili wakikataa pafutike bila alama:

magurudumu matatu, mbili.
Mwalimu, mmoja. Jumapili.