Kioo Nambari Kumi na Saba

Tulipima unga usiku, Chumbageni, umeme ukiwa na adabu:
oksaidi ya teluriamu themanini, ya zinki kumi na tisa,
ya erbiamu moja tu, waridi hafifu
kama ufizi wa mtoto.

Semboja akafungua tanuri. Mia nane.
Akaumimina ule uji wa moto kwenye bamba la shaba,
kisha akaurudisha motoni upoe kwa hesabu,
maana kioo kikipozwa kwa pupa
huweka kinyongo, na kinyongo hukipasua.

Leza yetu jicho haliioni. Ukutani hapakuwa na kitu.
Ndani ya kioo, uzi wa kijani.
Chembe ya erbiamu hupokea nuru moja ya gizani, isijibu.
Hungoja. Ikija ya pili juu ya ile ya kwanza
hupanda ngazi mbili, hushuka kwa mkupuo mmoja,
na kule kushuka ndiko rangi.
Haba na haba, ila hapa kibaba hakijai:
huwaka.

Cha kumi na sita kiliwaka hivyo.
Cha kumi na saba kilinuna.
Kijani chake kilikuwa cha mtu anayeitikia hodi
bila kuinuka kitandani.

Nikachora spektra hadi adhana. Mstari ulikwenda sawa,
ukafika mikromita tatu, ukazama
kama mguu kwenye tope la Sahare.
Maji.
Mwanakombo aliacha dirisha wazi, joto lilimshinda,
na hewa ya Tanga, nzito, yenye chumvi,
ikaingia kwenye unga kabla ya tanuri, ikalowea.
Kila nuru erbiamu iliyoiweka akiba
maji yaliichopoa, yakaifanya joto.

"Kivunje," alisema Semboja, "tuanze upya."
Hakukosea. Cha kumi na nane kilipikwa kwenye gesi kavu,
kikawaka, kikaenda Dar na majedwali yake.

Mimi nilikificha cha kumi na saba katika kopo la kahawa.
Najua hakifai. Mng'ao wake hudumu nusu ya wenzake,
milisekunde mbili na ushei.
Lakini wale wengine wangeweza kupikwa popote.
Hiki ukikisoma, pale mstari unapozama,
unasoma dirisha, Machi, mvua haijafika,
na msichana anajipepea kwa daftari.