Jembe la Kutolima

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja tu.
Jina: Rimgaudas. Umri: sitini na saba.
Ujuzi: hapo kalamu ilikwama.
Nikamtazama Danguolė, mwenyekiti wa Marafiki wa Makumbusho,
mwalimu wa kemia mstaafu, kidole kimoja hakina kucha.
"Andika chochote," alisema, "hata kupika chai."
Nikaandika: kreni.
Bandari ya Klaipėda, miaka thelathini na mmoja.

Makumbusho yenyewe si jumba la kumtisha mtu.
Ni kiwanda cha zamani cha viberiti, nyuma ya stesheni.
Paa linavuja palepale inaponing'inia Zohali,
na mvua ikianza mtu hukimbilia ndoo
sayari isije ikapata mafua.
Manispaa hulipia taa. Joto, nusu.
Iliyobaki ni sisi: ada ya yuro kumi kwa mwaka,
beji ya bati,
na funguo zisizofungua mlango zilioandikiwa.

Tulikuwa saba Jumamosi ile ya Februari.
Eimantas, fundi wa meno ya bandia, amelala chali
chini ya mashine ya kuzalisha umeme kwa mkono.
Bronė anageuza mayai kwenye kiangulio
na kuyanong'oneza, sijui nini.
Mimi nikapelekwa ukumbini, mwisho kabisa,
kwenye waya wa mita kumi na nne
na tufe la shaba lenye uzito wa mtoto wa darasa la pili.

"Asubuhi unalivuta hadi ukutani, unalifunga kwa uzi,
unauchoma uzi. Usilisukume.
Panga vijiti hivi duara. Litaviangusha
kimoja kimoja mpaka jioni."
"Halafu mimi nafanya nini?"
"Hufanyi kitu."

Hawakungoja siku ya tatu, watu hawa.
Jembe walinipa siku ya kwanza,
nalo ni jembe la kutolima.

Danguolė hakujua alichokuwa akiniambia.
Miaka thelathini na mmoja nilikula kwa kutuliza kinachoyumba:
kontena la tani ishirini angani,
upepo wa Baltiki unalizaba kofi,
na chini yake watu wenye wake, wenye mikopo.
Unalifuata linakoelekea, unalitangulia kidogo,
unalinyima hamu ya kurudi.
Zita, mke wangu, amewahi kuhamia sebuleni
kwa kuwa usingizini nilikuwa nikiutuliza mto.

Nikauchoma uzi.
Tufe likaenda. Likarudi.
Mkono wangu wa kulia, bila kuomba ruhusa,
ukatafuta hewani wenzo usiokuwepo.
Nikautia mfukoni.

Kijiti cha kwanza kilichukua dakika kumi na mbili.
Tik.
Msichana mwenye kofia ya sufu
(Ugnė, begi lake lilisema, kwa uzi mwekundu)
akauliza, "Nani amelisukuma pembeni?"
Jibu lilikuwepo kibaoni, kwa herufi kubwa,
lakini kibao hakijawahi kukaa mita arobaini juu ya gati.
"Hakuna," nikasema. "Lenyewe linashika njia ileile.
Ni sisi tunaosogea. Wewe, mimi, ukuta, ndoo ya Zohali."
Akavitazama viatu vyake kwa mashaka makubwa.
"Mbona mimi sisikii?"
Sikuwa na la kumjibu.
Nikampa kijiti akisimamishe upya.

Jioni Bronė alipiga kelele: yai moja lina ufa!
Wote wakakimbia, hata Eimantas, shati jeusi kwa grisi.
Nikabaki na tufe, mimi na lenyewe,
ukumbi mtupu, waya ukilalamika kidogo juu darini.
Hakuna aliyekuwa ananiona.

Daftari la zamu lina safu mbili, tarehe na maelezo.
Niliandika: vijiti thelathini na nne vimeanguka. Sikuligusa.
Nikavaa koti, nikafika mlangoni, nikarudi
kuongeza, kwa kuwa ni kweli:
mara moja tu, nusura.