Kuongeza au Kutoa Moja

Machi, na Hallalampi bado ni sakafu.
Tulitoboa barafu kwa keekee, mita nzima kasoro kiganja,
tukateremsha bomba bapa
lililoshiba barafu kavu na spiriti,
tukangoja tope liligandie huko chini
kama ulimi wa mtoto kwenye chuma cha baridi.

Oiva, mwenye shamba, alituazima sauna tufanyie kazi,
na swali: "Mnatafuta nini matopeni?"
"Miaka," Saimi akamjibu.
Akacheka. "Ninayo themanini na minne. Chukueni."

Lilipopanda halikuwa tope,
lilikuwa kitambaa cha milia:
mweupe, vumbi la vijito theluji inapoyeyuka;
mweusi, uozo ulioshuka polepole gizani.
Mweupe, mweusi: mwaka.
Mweupe, mweusi. Unene wa ukucha, aghalabu pungufu.

Tulihesabu kwa ncha ya sindano.
Hapa mvua ya Chernobili; mashine ililalama kabla yetu.
Hapa mtu alichimba mfereji, ziwa likanywa udongo msimu mzima.
Hapa chavua ya katani, tele kupita kiasi,
maana waliiloweka papa hapa ufukoni,
samaki wakafa, majirani wakanuniana.
Chini zaidi, masizi:
msitu uliochomwa ili shayiri ipate pa kuota.

Kwenye masizi tukakosana.
Saimi alifika na mia moja sitini na tatu,
mimi na nne.
Tukarudia. Tukabadilishana hadubini. Kahawa ikaganda utando.
Yeye pungufu, mimi zaidi,
na baina yetu uzi wa rangi ya majivu:
ukitaka ni mwaka, usipotaka ni kivuli.

Oiva aliinama, miwani kwenye ncha ya pua.
"Ungekuwa mwaka gani?"
Elfu moja mia nane sitini na saba.
Kimya chake kilikuwa na mshindo.
"Barafu ilikaa hadi Juni," akasema, si kwetu.
"Walisaga magome ya msonobari, wakayaita mkate."

Usiku niliitafuta chavua ya shayiri ndani ya uzi ule.
Sikuona hata chembe.

Asubuhi, kwenye jedwali, tukaandika kama ilivyo desturi:
*kuongeza au kutoa moja.*
Oiva akaomba penseli.
Chini ya ile moja, kwa mwandiko wa shuleni, akaandika
*Hilppa*,
akavaa kofia, akaenda kupasua kuni.