Dakika Arobaini

Saa nane ya usiku Belarmino agonga dirisha kwa mpini wa koleo.
"Zamu yako, Onesima. Dakika arobaini."
Mwaka jana zilikuwa saa tatu.
Theluji haikukaa mlimani, na mtaro wa kijiji
umekonda hadi mawe yake yanahesabika.

Navaa mabuti ya marehemu Delfino, yanizidi vidole viwili,
natoka na taa.

Matuta ya juu yamekwisha zaa:
pilipili changa, urefu wa kidole gumba,
chini ya majani yaliyojikunja kama barua.
Matuta ya chini, niliyochelewa kuyapanda kwa ajili ya matanga,
ndiyo kwanza yachanua,
maua meupe, madogo, yatazamayo ardhi
kama mtoto aliyevunja kikombe.

Maji hayatoshi kote. Chagua.

Nalijua ua la pilipili. Halina subira.
Likae siku nne bila maji, na jua lile la Julai,
kikonyo hugeuka njano pale kiungoni,
asubuhi waliona chini, wala hakuna mkono ulioligusa.
Mmea haulii. Mmea wapiga hesabu,
huwaacha watoto ambao hautaweza kuwalea.
Nimewahi kuuzoa weupe ule kwa vidole
nikihesabu magunia ambayo hayatakuwapo.

Tunda nalo si hivyo. Tunda hustahimili.
Hubaki dogo, hubana ngozi
(mengine huoza kitakoni, doa jeusi la sigara iliyozimwa),
na kiu yake yote huipeleka ndani,
kwenye utando mweupe unaoshika mbegu,
ikawa moto.

Delfino angesema: wape waliokwisha zaa, kilicho mkononi ndicho chako.
Delfino alifariki Aprili.
Nikalifungua lango la chini.

Maji yakaja na majani makavu na chupa ya mtu,
yakinusa njia, mfereji kwa mfereji,
na udongo ukatoa sauti ya koo linalomeza.
Dakika ya thelathini na nane Belarmino akakohoa.
Dakika ya arobaini akashusha ubao.
Sikumwomba. Chini yetu yuko Tirso na maharage yake,
na mkewe, ambaye naye huhesabu.

Septemba.
Matuta ya chini yamenipa magunia kumi na moja,
pilipili nene, za kuchoma na kumenya.
Matuta ya juu: mawili.
Nyembamba, zimepinda kama kucha.
Mnunuzi kutoka Santa Fe alizicheka,
akauma moja kuonyesha uhodari.
Akanyamaza.
Akalitafuta gari lake kwa kupapasa.

Hizo sikuuza. Nimezisuka kwenye kamba,
zaning'inia mlangoni, wekundu uliokaribia weusi.
Majirani wasema Onesima amezidi, huzitia hata kwenye mayai.
Pilipili wasizozila zawawashia nini?
Mimi nazila moja moja, polepole, jasho likinitoka,
na kila moja ina usiku ule ndani yake,
nilipozipita na taa mkononi,
nazo zasikia maji
yakienda kwingine.