Hesabu ya Nguuni

Kazi yangu ni kuhesabu. Makontena, Kilindini,
siku sita, kalamu sikioni:
lakiri, namba, tiki.
Siku ya saba navuka daraja la Nyali
na daftari lile lile, kurasa za nyuma,
kwenda kuhesabu wasio na namba.

Februari. Nyasi za Nguuni zina rangi ya mkate mkavu.
Bwawa limenywewa na jua, limebaki
kama chai ya mwisho kikombeni, machicha matupu.
Kulasitara kasimama katikati
kama mdai aliyeambiwa, "Ngoja hapo, naja."
Naandika: kulasitara, 1.
Yangeyange, 11, nyuma ya pofu mmoja,
kama makarani nyuma ya meneja.
Mbuni, 4. Watano, kama yule wa mbali si kichaka.
Ni kichaka. 4.

Shekue, mwana wa kaka yangu, kachoka na darubini.
"Shangazi, simba yuko wapi?"
Simba yuko Tsavo, namwambia, na nauli ya huko sina.
Mwadzombo wa langoni anacheka,
kisha anaweka kidole mdomoni.

Sikiza.

Kichakani, mluzi mmoja, wa majimaji,
kama mtu apulizaye chupa tupu.
Tiva.
Tulikaa mpaka kivuli kikatuhama,
mpaka siafu wakamjua Shekue kwa jina.
Hakutoka.

Nilipokuwa na umri wake, kwetu Makadara,
shore walikunywa kwenye bakuli la kuku wa bibi.
Kunguru wakaja. Kiota baada ya kiota,
yai baada ya yai. Bibi aliwafukuza kwa ufagio,
akachoka mkono, akachoka na ufagio.
Siku moja bakuli likawa la kunguru tu,
na hakuna aliyeandika tarehe.

Ndiyo maana naandika.

"Tiva, 0," nilianza.
Shekue akanishika kalamu:
"Lakini yumo."
Bandarini, usichokiona hakipo;
ukisema kipo, utaitwa ofisini ueleze.
Nikatazama kile kichaka, majani makavu,
miba, vumbi, hakuna hata ukoya.
Nikaikata sifuri.
Nikampa mtoto daftari,
akaandika mwenyewe, herufi zikiyumba,
zikitoka nje ya mstari:
yumo.

Tulipogeuka kuondoka
kulasitara alikuwa bado anangoja.