Pete ya Risasi

Langoni, nyuma ya duka la kamba na ndoana,
mama yangu Mwanaheri alisubu chubwi:
za mishipi, za juya, za jarife,
ndogo kama punje ya hindi, kubwa kama yai la njiwa.
Watu walimwita Mama Chubwi
naye akiitika. Jina linalolipa kodi si tusi.

Mwaka ule akaja Bwana Shekuwe Famau
na kitu kimeviringwa ndani ya kikoi.
Hakukifungua mlangoni. Alikunywa kahawa kwanza,
akauliza hali ya kila mtu hadi paka,
ndipo akakunjua.

Bastola. Matundu sita kwenye gurudumu,
kasiba ya pembe nane,
mpini wa mti ulioshiba jasho la viganja
ambavyo vyote sasa viko chini ya mchanga.
"Nataka inene mara moja, harusi ya Tima.
Miaka sabini na mbili naipaka mafuta tu
kama mgonjwa."

"Kwa mlio, baruti yatosha," mama alisema.
"Baruti peke yake hupiga chafya, Mwanaheri."

Basi tukaanza kutafuta.
Risasi si risasi; hilo nilifundishwa kwa ukucha.
Ile ya magurudumu ya gari, iliyovuka kutoka Mokowe,
ngumu, ukucha wateleza.
Ile ya betri mama alikataa hata kuiingiza uani.
Lakini bomba kuukuu la nyumba moja ya Mkomani,
lililong'olewa nyumba ilipouzwa,
nilipolibonyeza liliacha alama nyembamba
kama mwezi mwandamo.
"Hini ndiyo," alisema.

Nikamuuliza: mbona madini haya na kile kiuacho
vina jina moja?
"Kwa sababu bado haiyaamua."

Sufuria ya chuma, makaa, dirisha wazi
kwa sababu ya mafusho.
"Mayi weka mbali, mwanangu.
Risasi ya moto na mayi hazipatani."
Akatupia kipande cha nta, akaengua taka
kama utando wa maziwa,
na chini yake uso ulikuwa safi, nikajiona
nikitetemeka.
Kalibu ikafunguka: gololi moja yenye mkia.
Akaukata kwa kisu, kama kitovu.

Bwana Shekuwe alishindilia mwenyewe, mkekani petu,
baruti akipima kwa subana ya marehemu mkewe.
Gololi ilizidi tundu kwa unywele.
Alipovuta wenzo, ukingo ukainyoa,
na pete ya risasi ikaanguka.
"Isiponyoleka haishiki," akasema.
Matundu matano, pete tano.
La sita akaliacha tupu chini ya nyundo,
kama kiti cha mgeni asiyetakiwa kuja.
Kisha shahamu ya mbuzi juu ya kila kinywa.

Siku ya harusi nilimwona barazani, mkono juu.
Upande huu, watoto juu ya dari.
Upande ule, wanawake na vigelegele.
Mbele, wapiga siwa; nyuma, punda na mwenye punda.
Mzee akazunguka pole pole
akitafuta mahali pasipo na mtu.
Lamu haina.

Akashusha mkono. Akasema ana njaa.

Na silaha ya namna ile, ukishaishindilia,
haina mlango wa kutokea ila kinywa.
Ilikaa sandukuni miaka kumi na mmoja,
imeshiba, imenyamaza,
hadi Tima akaileta kwetu, matanga yameisha juzi,
akiibeba mbali na tumbo lake.

Mama aliling'oa gurudumu akalilaza majini siku tatu,
baruti ife.
"Za baridi," alisema, "zishapatana."
Tukazichomoa kwa parafujo, moja moja,
tukaziyeyusha pamoja na mabaki ya wiki.
Jumamosi mtu wa Matondoni alinunua chubwi dazeni mbili,
akaomba apunguziwe. Mama akakataa.

Pete moja ninayo. Haiingii kidole chochote.
Nikiibonyeza kwa ukucha
bado inakubali.