Pini Mia Tisa Thelathini na Nane

Bahasha ilichukua siku arobaini kufika Zestaponi.
Ndani yake sponji nyeusi, na juu ya sponji
prosesa iliyotumika na mtu nisiyemjua,
bei yake kuku wawili na mkate.
Irakli wa ghorofa ya tatu alicheka:
"Shangazi Tsiala, mashine hii ni ya kutupwa.
Unamvika maiti viatu vipya."
Nikamwambia kalale.

Nilitandika shuka nyeupe mezani,
nikashika kwanza bomba la maji,
mkono utoe umeme wake kabla haujagusa kitu.
Nikafungua feni. Vumbi likatoka zima zima,
nene kama bitana ya koti.
Grisi ya zamani ilikauka ikawa chokaa;
niliilainisha kwa chacha, pombe ya zabibu ya kwetu,
spiriti sikuwa nayo.

Kisha nikaiona: pini moja imelala.
Moja, kati ya mia tisa thelathini na nane.

Basi hapo ndipo nilipomzidi Irakli ufundi.
Miaka thelathini na moja nimetunga uzi
kwenye taa mbovu, na umeme ukikatika
naendelea kwa kupapasa.
Nikachukua sindano namba kumi,
nikabana pumzi, nikaiinua
kidogo,
tena kidogo,
kama mtu amwamshaye mtoto wa mwenzake.

Ikaingia kwenye soketi bila kusukumwa.

Nikawasha. Kiza. Milio minne.
Nikazima, nikatukana bibi za watu,
nikakandamiza kadi ya kumbukumbu hadi ikalia ka.
Nikawasha tena. Kioo kikapata rangi,
nacho, kwa kuwa nilikuwa nimetoa betri,
kikaniuliza leo ni lini.
Chenyewe kilidhani ni tarehe mosi Januari,
elfu mbili na tisa.

Mwaka huo Zaza alikuwa bado analala chumba hiki,
buti zake mlangoni, zinanuka.
Hajaenda Wroclaw kupakia maboksi.
Nikakaa. Chai ikapoa.
Vitufe vya kubonyeza nilivijua,
vidole ndivyo vilivyokataa.

Mwishowe nikaandika mwaka, mwezi, siku,
maana Nanuli anaolewa Jumamosi
na mkono wa kushoto wa gauni lake haujachorwa.
Mchoro uliokuwa ukichukua robo saa
ukafunguka kabla sijavaa miwani.

Ile prosesa ya zamani nimeitia kwenye kopo la vifungo.
Jana, nikitafuta kifungo cha lulu,
niliisikia ikigonga bati.